Nafasi ya Ukucha Mmoja

Kila siku akitoka shule, Chapu alipanda ngazi kumi na saba zilizokuwa nyuma ya duka la rangi, akasukuma mlango uliovimba kwa unyevu, na kumkuta mama yake ameinama. Hivyo ndivyo alivyomzoea. Watoto wengine walikuwa na mama wa kusimama au wa kutembea. Wake alikuwa wa kuinama, penseli moja mkononi na nyingine sikioni, mbele ya meza pana iliyofunikwa karatasi zenye mistari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vua viatu, nimefagia." Kichwa hakikuinuka. "Umekula?"

"Nimekula shule."

"Haya, nawa mikono. Kazi yako iko pale dirishani."

Jina lake la darasani lilikuwa jingine, lakini nyumbani hakuna aliyelikumbuka. Aliitwa Chapu kwa sababu kila kitu alikifanya chapuchapu. Alioga chapuchapu mpaka povu likabaki masikioni. Alikunja nguo chapuchapu mpaka sketi ikatoka kabatini kama imetafunwa na mbuzi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mikono yake ilikuwa myepesi kweli, hilo hata mama hakulikataa.

Mama yake alikuwa mhandisi wa majengo. Mwaka uliopita ardhi ilitetemeka, kwa muda usiotosha hata kufunga kamba za viatu, na bweni la wasichana la shule ya sekondari likapasuka kuta zake kutoka juu mpaka chini. Bahati njema ilikuwa mchana na wasichana walikuwa madarasani. Tangu siku hiyo wanafunzi themanini walilala kwenye ukumbi wa kulia chakula, magodoro yamebanwa katikati ya meza, na mmoja wa hao themanini alikuwa dada yake Chapu. Mama ndiye aliyepewa kazi ya kuchora bweni jipya, la ghorofa moja, lenye fremu ya chuma itakayohimili tetemeko.

Kazi hiyo ilikuwa imemla. Kwa miezi minne alipiga hesabu, akafuta, akapiga tena. Mashavu yalimwingia ndani. Chai yake ilipoa kila siku mahali pale pale, ikaacha duara la kahawia juu ya meza, duara juu ya duara.

Ila mkaguzi wa majengo, ambaye bila saini yake hakuna jiwe linalowekwa juu ya jiwe, alikuwa mtu wa kuamini macho yake. Hesabu alizisoma, akakohoa, akasema angependa kuona. Ndipo mama akaamua kutengeneza kielelezo, bweni dogo la kimo cha goti. Nguzo zilikuwa spoki za baiskeli. Kila upande, juu na chini, ulikatizwa na waya laini uliokwenda mshazari, kutoka kona ya chini ya upande mmoja hadi kona ya juu ya upande wa pili. Na kila ncha ya waya ilishikwa na bamba dogo la bati lililokatwa kwenye kopo. Pande nne, nyaya nane, mabamba kumi na sita.

Mabamba hayo yalikuwa kazi ya Chapu. Kuyakata alijua mwenyewe. Kulehemu alifundishwa na Mzee Cheche, fundi wa kuchomelea mwenye karakana ng'ambo ya barabara, mzee ambaye kila shati lake lilikuwa na matundu ya cheche kama chujio.

Siku ya kwanza mama alimkalisha chini, akachukua jalada la daftari kuukuu na kulikunja mbele yake.

"Tazama. Ardhi ikitikisika, jengo linasukumwa huku na huku. Nani anaupokea ule msukumo?"

"Nguzo."

"Zikiupokea nguzo, tumekwisha. Nguzo zimebeba paa na watu. Nataka upokelewe na hivi vyuma vya mshazari. Vipinde, vinyooke, vipinde tena, vichoke vyenyewe. Sasa chuma kikipinda, na hili bamba la kwenye kona lazima likunjike kidogo, kama bawaba ya mlango. Ndiyo maana kati ya ncha ya chuma na kona unaacha nafasi." Akaweka ukucha wa kidole kidogo juu ya mchoro, pale palipokuwa na mstari wa vitone na maneno mawili: acha wazi. "Hapa. Kwenye kielelezo ni ukucha mmoja. Kwenye jengo lenyewe ni kiganja. Ukiijaza nafasi hii, bamba halikunjiki. Litang'oka, na liking'oka litaondoka na nguzo."

"Sasa mbona inaonekana ni udhaifu, mama? Mtu akiona ataona hujamaliza kazi."

"Wataona hivyo hivyo. Wewe acha."

Akaacha. Mabamba kumi na mawili ya kwanza aliyakata moja moja, akapima kila moja kwa ukucha. Jumatano alibakiza manne, yale ya chini, upande wa kulia na wa kushoto. Lakini Jumatano hiyo hiyo kulikuwa na mechi ya netiboli saa kumi na nusu, na saa ya ukutani ilikuwa inasema saa kumi na dakika tano.

Akakunja bati mara mbili ili akate mabamba mawili kwa mkupuo mmoja. Bati likateleza ndani ya mkasi. Yalipotoka, yote manne yalikuwa mafupi. Alipoweka waya mahali pake, ncha yake iligota kwenye kona kabisa. Ukucha haukuingia. Hata karatasi isingeingia.

Chini ya meza kulikuwa na makopo mawili mazima. Chapu aliyaona. Akatazama saa, akatazama makopo, halafu akayeyusha risasi ya kulehemu, akajaza zile kona, akazisugua kwa tupa mpaka zikawa laini, na juu yake akapaka rangi ya kijivu kama kwa yale mengine. Kwa kweli yalipendeza. Yalionekana imara kuliko wenzake kumi na mawili.

Mama alikuja kuangalia huku akijikanda kiuno. "Uliacha nafasi?"

"Ndiyo, mama."

"Zote?"

"Zote."

"Ahsante, mwanangu. Nenda kacheze."

Chapu akashuka ngazi mbili mbili. Walishinda mechi, na yeye mwenyewe alifunga mabao matatu, lakini baadaye hakukumbuka hata moja.

Alhamisi alasiri walikusanyika kwenye karakana ya Mzee Cheche: mkaguzi na mkoba wake wa ngozi, mwalimu mkuu wa sekondari aliyekuja na mwavuli ingawa hakukuwa na mvua, mama, na Chapu. Bweni dogo lilifungwa kwa skrubu juu ya ubao wenye magurudumu, na kila sakafu ikapakiwa vifuko vya mchanga, ndio mzigo wa watu na vitanda. Mzee Cheche alikamata mkono wa chuma uliounganishwa na ubao.

"Nianze, mhandisi?"

"Anza polepole." Mama aliwageukia wageni. "Mtaona vyuma vya mshazari vinapinda. Msishtuke, ndiyo kazi yao. Nguzo zitabaki wima."

Ubao ukaenda kulia, ukaenda kushoto. Mzee akaongeza kasi. Nyaya za juu zilianza kupinda na kunyooka, kama mama alivyosema, na mabamba yake yakikunjika na kukunjuka. Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Halafu, chini, upande wa kulia, pakalia tak. Bamba likang'oka na kipande cha spoki. Upande wa kushoto nao, tak. Sakafu ya chini ikalala kiubavu, ya juu ikaifuata, na mchanga ukamwagika mpaka kwenye viatu vya mkaguzi.

Mzee Cheche akaachia mkono.

"Ulisema nguzo zitabaki," mkaguzi alisema. Hakusema kwa ubaya.

"Nilisema."

"Labda mikono ya fundi?"

Mzee Cheche alifungua kinywa, akakifunga. Mama akatikisa kichwa. "Niliuliza mabamba yote, nikajibiwa. Kosa liko kwenye hesabu zangu. Nipeni mpaka Jumatatu, nitalitafuta."

"Mhandisi," mwalimu mkuu alisema taratibu, "tukikosa saini wiki ijayo, mvua zitatukuta hatujachimba msingi. Ni mwaka mwingine mle ukumbini."

"Najua, mwalimu. Nina mtoto wangu humo."

Chapu alitazama mchanga. Ilikuwa aseme pale pale, na maneno yalikuwa yamefika kooni, lakini yule mkaguzi alikuwa anakung'uta viatu vyake kwa hasira ya kimyakimya, na Chapu akajiambia atasema wakifika nyumbani. Walipofika nyumbani, mama alivua kitambaa cha kichwa, akaketi mezani bila kunywa hata maji, na akafungua ukurasa wa kwanza wa hesabu. Wa kwanza kabisa, wa miezi minne iliyopita.

Ijumaa alikuwa anapita ukurasa wa arobaini. Chapu alimpikia uji, ukapoa. Jumamosi asubuhi alimkuta amelala juu ya rula, alama ya tarakimu imejipiga shavuni. Alipoguswa bega alishtuka na kusema namba, siyo jina la mtu.

"Mama, nenda kalale kitandani."

"Nikimaliza huu ukurasa." Akajisugua macho. "Ajabu yake ni kwamba silioni. Mtu ukikosea unaliona kosa lako, linakukonyeza. Hili limejificha wapi?"

Chapu akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa tayari vimeoshwa.

Mchana dada yake alikuja kufua, na ndoo ya nguo kichwani na macho mekundu. Alijitupa kwenye kiti kama mzigo ulioshushwa.

"Ukumbini hakulaliki," alisema. "Jirani yangu anaota anafanya mtihani, anataja majibu kwa sauti. Na yote ni makosa."

Chapu hakucheka.

"Una nini wewe? Mechi si mlishinda?"

"Tulishinda."

"Basi changamka. Tumesikia bweni linaahirishwa. Kweli?"

"Sijui."

"Mama hajawahi kukosea hesabu." Dada alishusha sauti akitazama mlango wa chumba cha kazi. "Amezeeka ghafla, umemwona? Wiki mbili tu sikuja."

Chapu alichukua kipande cha sabuni na kuanza kufua soksi za dada yake bila kuombwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu azaliwe. Alizisugua mpaka moja ikatoboka.

Jumapili alasiri mama aliacha kuhesabu. Alikaa muda mrefu akitazama ukuta. Kisha akavuta mchoro mkubwa wa bweni, akatafuta ufutio, na kuanza kufuta. Chapu alikuwa anafagia. Akasogea na ufagio wake mpaka akaona kinachofutwa. Ni ule mstari wa vitone, na yale maneno mawili.

"Mama, unafanya nini?"

"Kielelezo kimeng'oka kwenye mabamba. Hesabu zinasema hakiwezi, lakini kimeng'oka, wote tumeona kwa macho." Alipuliza vumbi la ufutio. Aliongea kama mtu anayeongea usingizini. "Basi labda ile nafasi ndiyo inayodhoofisha. Nitaijaza. Nitakaza kila kona, ichomelewe mpaka mwisho. Sina nguvu ya kubishana na nilichokiona."

Ufutio ulikwenda kona ya pili. Chapu alisimama na ufagio. Aliona jinsi itakavyokuwa: kona zote zimejazwa, laini, zinapendeza, kama zile zake nne, ila kubwa, na juu yake vitanda themanini. Na pakilia tak.

"Usifute, mama."

"Nini?"

"Hesabu hazina kosa. Mimi ndiye." Aliegemeza ufagio mezani. "Yale manne ya chini niliyakata mafupi. Nilikunja bati nikate mawili mawili, niwahi mechi. Hakukuwa na nafasi. Nikajaza risasi, nikapaka rangi. Uliponiuliza nikasema nimeacha."

Mama aliweka ufutio chini. Aliinuka, akaenda dirishani kilipolala kielelezo kilichovunjika, akachukua tupa, akakwangua rangi ya kijivu kwenye bamba lililong'oka. Chini yake risasi ikang'aa. Akakwangua la pili. Ikang'aa. La tatu hakuhangaika nalo.

"Siku nne," alisema.

"Nisamehe, mama."

"Siku nne natafuta kitu ambacho umekaa nacho wewe, tunakula sahani moja." Aliketi, pole pole, kama mwenye kuogopa kiti. Chapu alingoja akemewe. Angependa kukemewa. "Sina hata nguvu ya kukugombeza, Chapu. Umenichosha mpaka hapo. Unajua kukata kwako kubaya si kitu? Mabamba yangekuwa mafupi ukaniambia, tungekata mengine, nusu saa. Kilichoniumiza ni ile ndiyo. Hesabu zangu zote nilizishuku. Ile ndiyo yako sikuishuku."

Chapu alilia, na mama akamwacha alie. Halafu akasogeza kopo moja na mkasi wa bati mpaka mbele yake.

"Spoki mbili zitahitajika pia, kamwombe Mzee. Na umwambie kwa nini, maana mkaguzi aliutilia shaka mkono wake, naye Mzee akanyamaza. Mabamba manne. Moja moja. Kesho utamweleza mkaguzi kwa kinywa chako, mimi sitakusaidia hata neno."

Mzee Cheche alisikiliza habari yote akiwa amechuchumaa mbele ya mashine yake. Alipomaliza kusikia, alichagua spoki mbili, akazitazama juani kama zimenyooka, akampa.

"Niliijua ile sauti," alisema. "Bamba lililobanwa hulia tak. Lenye nafasi hulalamika tu, kama mimi nikiinuka. Nenda, bibi mdogo. Na leo usikimbie."

Jumatatu walikusanyika tena, watu wale wale. Chapu alisimama mbele ya mkaguzi, mikono nyuma. Alikuwa amejiandalia maneno mazuri njiani, yote yakamtoroka.

"Lile jengo nililiangusha mimi," alisema. "Mabamba manne nilikata vibaya, nikaficha, nikamdanganya mama. Mzee Cheche hana kosa. Haya mapya nimekata upya. Unaweza kupima."

Mkaguzi alimtazama juu ya miwani, kisha akainama, magoti yakamlia, na akapima mabamba yote kumi na sita kwa ukucha wake. Alichukua muda wake. Kwenye bamba la tisa alirudia mara mbili.

"Kucha zangu ni kubwa kuliko zako," alisema mwishoni. "Lakini zimeingia. Zungusha, fundi."

Mzee Cheche alianza polepole, akaongeza, akaongeza zaidi. Ubao ulikwenda huku na huku mpaka makopo ya rangi yakacheza kwenye rafu. Nyaya za chini zilipinda kama upinde, zikanyooka, zikapinda upande wa pili. Mabamba yalikunjika. Waya mmoja ulichoka ukakatika katikati. Chapu alifumba macho, akingoja ile sauti. Alisikia mlio wa kulalamika tu, kwii, kwii. Alipofumbua, Mzee alikuwa amesimama anahema, nyaya zote zimepindapinda kama nywele zisizochanwa, na nguzo nne zilikuwa wima. Mkaguzi akaweka pimamaji juu ya paa. Kiputo kikatulia katikati.

"Kimechakaa," mwalimu mkuu alisema kwa mashaka.

"Kimechakaa, hakijaanguka," mkaguzi alimjibu, huku akitafuta kalamu. "Wanafunzi wako watakuwa wametoka nje wote, mwalimu. Vyuma hivi tunaweka vingine." Akatia saini. Kabla ya kufunga mkoba alimgeukia Chapu. "Nimekagua majengo miaka mingi. Waliojaza nyufa wakapaka rangi juu nimewaona wengi. Aliyekuja kuniambia ni wewe."

Walirudi nyumbani kwa miguu, polepole, mama akimshika bega, na haikujulikana nani anamwegemea nani. Kwenye ngazi ya kumi na moja mama aliketi kupumzika. Chapu akaketi ngazi ya chini yake.

"Sikiliza, mama yangu," mama alisema. Alimwita hivyo alipotaka asikilizwe kweli. "Kila mtu hukosea. Mimi hukosea, Mzee hukosea. Ndiyo maana nachora mahali pa kupinda. Kosa ukiliacha wazi, watu wataliona, utaona haya siku moja, utapindapinda kidogo, yaishe. Ukilijaza na kupaka rangi juu, halijaondoka. Limehamia kwenye nguzo. Na nguzo hiyo ni mtu anayekuamini. Jana nilikaribia kuchora bweni la kuua watoto, kwa sababu ya neno moja nililoambiwa na mtu ninayempenda. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Na pole pole, mwanangu. Mechi zitakuwepo."

Walipofika juu mama alilala kwenye kiti kabla hajavua kiatu cha pili. Chapu ndiye aliyemvua. Kisha akanawa mikono, akachukua rula na penseli iliyokuwa sikioni mwa mama, na kwenye kona mbili zilizofutwa akarudishia mstari, kitone kimoja kimoja, na chini yake yale maneno mawili. Ilimchukua nusu saa nzima. Nje, wenzake walimwita uwanjani mara tatu, naye akawajibu kwa sauti ya chini kwamba mama amelala.